Chupa Isiyonuka

14 Machi

Dada yangu,

Watu huku wazima. Kuku ndio sijui nikuelezeje.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Mambo ya chakula tunayaandika, ndivyo mama alivyotulea: anayechanganya aandike, anayelisha ajibu, karatasi ikae mdomoni mwa gunia, asije mtu akayakana maneno yake. Basi najibu.

Leo ni siku ya kumi na tatu tangu vifaranga mia sita waingie bandani. Ukisimama mlangoni utadhani nilinunua rika tatu tofauti. Wengine wamefika ukubwa wa ngumi yangu, wengine wako vilevile walivyotoka kwenye boksi. Si kwamba hawali. Wanakula mpaka wanapandana migongoni, lakini chakula hakikai. Kinyesi ni laini, kina chembe unazoweza kuzitambua kwa macho, na maranda ya chini yameloa. Wiki hii nimeyabadilisha mara mbili.

Unakumbuka kundi lililopita. Msimamizi wa jiko la hospitali aliturudishia nyama kwa sababu wagonjwa walilalamika ina harufu ya samaki. Ndipo mimi na wewe tukakubaliana: dagaa basi, protini yote itoke shambani, soya na mashudu ya alizeti. Msimamizi amesema atakuja tarehe 8 Aprili na mizani yake mwenyewe. Akiridhika, atachukua kuku wetu mwaka mzima. Asiporidhika nafunga banda, na mke wangu alishaacha cherehani yake kwa ajili ya banda hili.

Sitaki kumsema mtu, ila vyombo vya maji ni kazi yake. Juzi nilikuta kimoja kina utelezi ndani. Niliposema, akaniambia kimeoshwa asubuhi. Tumenuniana tangu hapo.

Nakuuliza kwa heshima: ile soya iliiva?

Mdogo wako


16 Machi

Mdogo wangu,

Kwa heshima, unasema. Ningekuwa karibu ningekuvuta sikio kwa heshima hiyohiyo.

Nilianza kukaanga soya wewe hujaota meno ya mbele. Hapa kwenye kiwanda cha chakula cha mifugo kuna wanaume watano wenye misuli na hakuna hata mmoja anayethubutu kuipua pipa kabla sijasema. Mwenye kiwanda alinunua kipimajoto mwaka juzi. Kiko msumarini, kinakusanya vumbi. Wateja wenyewe hawaniiti kwa jina, wananiita Pua. Mama alinifundisha kwamba soya mbichi inanuka majani, ikipata moto inanuka maharage, ikiiva inanuka karanga, na hapo ndipo unaipua kabla ya moshi. Ukiwahi, ile sumu yake inabaki na kuku hawezi kusaga chakula tumboni. Ukichelewa, umeunguza nguvu yote. Hayo hata wewe unayajua.

Kwa hiyo soya iliiva. Mchawi wako mtafute kwenye maji. Utelezi ndani ya chombo si jambo dogo. Simsemi wifi yangu, nampenda, lakini ufugaji ameuanza juzi, na mgeni wa kazi ni mgeni tu. Mwambie asugue vyombo kwa mchanga na kuvianika juani.

Mbusu mwanao.

Dada yako, Pua


19 Machi

Dada,

Vyombo vimesuguliwa. Nimesimama pale nikiviangalia vikisuguliwa, na mke wangu amesugua kwa mchanga kama ulivyosema. Kuku wako vilevile. Jana wamekufa saba, leo tisa.

Nimemleta daktari wa mifugo. Amewapasua wawili juu ya meza ya nje. Nilitegemea aseme kuhara damu, akasema hapana, utumbo hauna damu. Akanionyesha kongosho, kile kinyama cheupe kilichobanwa kwenye mkunjo wa utumbo. Kimevimba karibu mara mbili. Akasema kimefanya kazi kupita kiasi kwa sababu kuna kitu kwenye chakula kinachokizuia. Neno lake la kwanza likawa soya.

Nikamwambia amkome dada yangu. Ametufundisha jaribio hata hivyo. Chukua soya iliyokaangwa ya siku ile, isage, tia vijiko viwili kwenye chupa pamoja na nusu kijiko cha mbolea ya urea na maji kidogo. Funga, weka mahali pa joto nusu saa, kisha fungua unuse. Ikikupiga harufu kali ya mkojo, soya ni mbichi. Isiponuka, imeiva. Alitaka nifanye mwenyewe na chakula kilichopo hapa. Nikakataa. Chakula changu kimeshachanganywa na mengine, na isitoshe, nikuchunguze wewe kwa chupa?

Fanya wewe. Najua huwa unaweka akiba ya kila mkaango kwenye kopo. Nusa, uniambie. Neno lako likija nitajua wa kumshika ni nani hapa nyumbani.

Mdogo wako


21 Machi

Mdogo wangu,

Nimefanya kama alivyosema huyo daktari wako. Soya ya kopo, ya mkaango uleule. Urea, maji, kifuniko, nusu saa juani kwenye ukuta wa stoo. Nimefungua, nikaweka pua mdomoni mwa chupa, nikavuta pumzi mara tatu.

Sikusikia harufu yoyote.

Sasa tuache mambo ya chupa tufanye kazi.

Dada yako


24 Machi

Wifi,

Barua hii nimempa dereva wa lori mkononi, sikuitia guniani. Huyu mdogo wako hajui.

Amenisomea barua yako ya tarehe 21 kwa sauti, amesimama katikati ya banda, mimi nikiwa nimepiga magoti naokota waliokufa. Alipofika kwenye "sikusikia harufu yoyote" akaikunja na kuniangalia. Tangu siku hiyo anaamka kabla yangu ili anihesabie ndoo za maji.

Wifi, mimi na wewe tunajua kwa nini hukusikia harufu. Siku ile ulipokuja kutuona, maziwa yaliungua jikoni mpaka sufuria ikawa nyeusi, na wewe ulikuwa umekaa hatua mbili kutoka jikoni unachambua mchele. Mimi nilisikia nikiwa uani, nikaingia nikikimbia. Ulinishika mkono, ukaniambia ni tangu ile homa yako, miezi minane sasa, hakuna kinachoingia puani, si maua wala choo. Ukalia. Ukaniapisha nisimwambie mtu, hata mume wangu. Niliapa. Kiapo hicho nimekaa nacho.

Sikukulaumu ulipoficha, ugonjwa ni wako. Lakini uliponitwika mimi ule utelezi, ulijua kwamba soya ni mbichi? Na ulipovuta pumzi mara tatu kwenye ile chupa, ulikuwa unamdanganya nani?

Kiapo changu sitakivunja. Nilikupa wewe, wewe ndiye wa kunifungua. Nakuomba umwambie kabla ya mizani kuja. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chenyewe kinalia bandani kwangu.

Wifi yako


26 Machi

Wifi yangu mpenzi,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimejifungia stoo, nimekaa juu ya magunia ya mashudu.

Utelezi niliuandika kwa hofu. Sikuwa na uhakika kwamba kosa ni langu, na nilitamani sana lisiwe langu. Huo ndio ukweli, hauna uzuri.

Nakuambia kilichotokea ili usidhani nilikaa tu. Pua ilipoondoka nilianza kukaanga kwa macho. Rangi ya kahawia ikija, naipua. Miezi yote hiyo ilikubali, kwa sababu tulikuwa tunatumia kuni na moto ulikuwa mpole. Mwezi uliopita mwenye kiwanda ameleta jiko la gesi. Moto ule ni mkali, soya inabadilika rangi nje wakati ndani bado ni mbichi. Ningekuwa na pua ningesikia majani. Niliona kahawia, nikasema "ipua", wanaume watano wakaipua.

Wifi, nina watoto wawili na kazi moja. Hapa nimewekwa kwa sababu ya pua. Siku watakayojua, hata mwenye kufagia atanipita kwa thamani. Naomba univumilie. Leo nimekaanga upya, nimekishusha kile kipimajoto wenzangu walipokwenda kula, nikakaa na saa mkononi mpaka mwisho. Magunia yanakuja na lori hilihili. Hakikisha anawapa hayo, yale ya zamani yatupwe. Kuku watainuka, mizani itakuja, na hakuna atakayehitaji kujua chochote. Wiki mbili tu.

Ichome barua hii.

Wifi yako


1 Aprili

Dada,

Mke wangu ameondoka. Yuko kwa wazazi wake na mtoto. Nakueleza ilivyokuwa, maana wewe ndiye uliyebaki.

Tarehe 27 lori lilikuja na magunia mapya. Niko nyuma napokea, nikamwona dereva akimpa mke wangu barua mkononi. Si ya guniani, mkononi. Nilipomaliza kushusha nikamkuta anaisoma, nikamwuliza ni ya nani. Akaikunja akaitia kifuani. Nikauliza tena kwa upole, Mungu ni shahidi. Akasema, "Si yako, na si ya mwanaume. Niamini." Nikamwambia anipe nione. Akaenda kwenye jiko la mkaa la vifaranga, akaisukuma ndani mbele ya macho yangu, akasimama mpaka ikawa majivu.

Dada, nilisema maneno. Nilimwambia anayeua kuku wangu na anayechoma karatasi zangu ni mtu mmoja. Nikamwambia kikulacho ki nguoni mwako. Hakujitetea hata kwa neno moja. Hilo ndilo lililonimaliza, maana mtu asiye na kosa hujitetea. Jioni akafunga mzigo.

Na sasa sikiliza. Siku ya tatu baada ya yeye kuondoka, maranda yamekauka. Kinyesi kimeshikana. Wanaotembea wameongezeka, wanaokufa hakuna tangu juzi. Naosha vyombo mwenyewe asubuhi na mchana. Nini kingine kilichobadilika bandani isipokuwa yeye? Jibu ninalo mbele ya macho, na linaniuma kuliko nilipokuwa sijui.

Jumapili nakwenda kwa wazazi wake. Nitawaambia waziwazi kwamba simrudishi. Nitachukua barua yako ya tarehe 21 niwasomee, ili wasiseme namsingizia binti yao.

Mdogo wako


3 Aprili

Mdogo wangu,

Usiende Jumapili. Na kama umeshavaa viatu, vivue, ukae, usome hii hadi mwisho.

Kilichobadilika bandani ni magunia. Yaliingia siku ileile mkeo alipotoka. Nenda stoo, angalia tarehe kwenye karatasi za midomoni. Soya ya mwanzo ilikuwa mbichi. Niliipua mimi.

Mimi sisikii harufu. Unaingia mwezi wa tisa sasa, tangu ile homa. Chupa niliyokuandikia niliinusa kweli, mara tatu, na kweli sikusikia kitu, kama nisivyosikia kitu ninaponusa petroli. Nilikuandikia maneno ya kweli ili yafanye kazi ya uongo. Katika yote niliyofanya, hilo ndilo linaloniamsha.

Jana, baada ya barua yako, nilichukua soya ileile ya kopo, nikatengeneza chupa nyingine. Safari hii nikampelekea mlinzi wa getini. Alifungua, akarudisha kichwa nyuma, machozi yakamtoka, akaniuliza nimemkosea nini. Nikamwomba aniambie inanuka nini. Akasema, "Mama, hii si choo cha stendi?" Nikakaa chini pale getini kwake.

Barua aliyoichoma mkeo ni yangu. Mimi ndiye niliyemwomba aichome. Alikuwa anajua siri yangu tangu nilipowatembelea, nilimwapisha, na kiapo hicho amekilinda mpaka kwenye mlango wa kutokea. Unasema hakujitetea. Angejitetea vipi bila kunivua nguo mimi? Wewe ukaona kimya chake ni hatia. Mimi nilijua ni heshima, na nikakiacha kiendelee kwa sababu kilinifaa.

Kikulacho ki nguoni mwako, ndiyo. Nguo yenyewe ni mimi, dada yako wa tumbo moja.

Nimemwambia na mwenye kiwanda leo asubuhi. Hakugomba. Alikitoa kipimajoto msumarini, akakifuta kwa shati lake, akampa mmoja wa wale wanaume watano. Mimi nimepelekwa kushona midomo ya magunia. Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Mimi nilikufa pua, nikauacha moyo nao uoze.

Ukitaka kuwasomea wazazi wake barua, wasomee hii.

Dada yako


10 Aprili

Dada,

Nilikwenda Jumapili. Niliwasomea barua yako ya tarehe 3. Yote, mpaka mwisho, na sehemu zinazonihusu sikuziruka.

Mama mkwe alitoka nje. Mke wangu alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, mtoto yuko mgongoni, kisha akaniuliza jambo moja. "Daktari alikuambia ufanye ile chupa wewe mwenyewe. Kwa nini hukufanya?" Nikasema nilimwamini dada. Akasema, "Ulitaka kuifukua barua kifuani kwangu. Chupa ya kunusa tu ilikushinda."

Aliniambia harudi kwenye nyumba ambayo neno la mtu wa mbali lina uzito kuliko mtu anayeokota kuku waliokufa kwa mikono yake. Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira.

Mizani ilikuja tarehe 8. Katika kuku mia tano na kumi waliobaki, msimamizi amechukua mia mbili na themanini, waliosalia ni wepesi. Amepika mmoja palepale kwa chumvi tupu, akala, akasema harufu ya samaki haipo. Atatazama kundi lijalo kabla ya kukata shauri. Hivyo banda lipo, linaning'inia.

Nina hasira na wewe, dada. Nikianza kukuandikia hasira hiyo, inageuka njiani na kunirudia mwenyewe, maana wewe ulikosa pua na mimi ninayo. Kwa hiyo naiacha.

Vifaranga wapya wanaingia tarehe 6 Mei. Sijui nikuagize wewe chakula au nitafute kwingine. Niambie ungekuwa mimi ungefanyaje.

Mdogo wako


4 Mei

GUNIA LA KWANZA KATI YA ISHIRINI

Ndani: mahindi, soya, mashudu ya alizeti, chokaa, chumvi, mchanganyiko wa vitamini. Hakuna dagaa.

Soya imekaangwa na: dada yako, kwa kipimajoto na saa.

Imenuswa na: mke wako.

Mdogo wangu, uliniuliza ningefanyaje: gunia hili ndilo jibu langu, na usishtuke na mwandiko wa pili hapo chini. Alikuja kiwandani wiki mbili zilizopita, mtoto mgongoni, akamwuliza mwenye kiwanda kama pipa linahitaji mtu. Akasema yeye hajui kukaanga lakini anasikia maziwa yakiungua akiwa uani. Nimemfundisha majani, maharage, karanga, kama mama alivyonifundisha mimi. Mwenye kiwanda amenirudisha pipani kwa sharti la pua yake: mimi nashika mwiko, yeye anasimama upande wa upepo. Akisema bado, hakuna anayeipua, hata mimi.

Dada yako

Baba mtoto,

Mwanao mzima, ameota jino la tatu.

Katikati ya gunia hili kuna chupa, imefungwa kwa nailoni. Ndani kuna soya ya mkaango huu, imeshasagwa. Urea na maji tia mwenyewe. Mimi nimeshanusa na najua ilivyo, lakini sikuandikii, na dada yako nimemkataza.

Fanya peke yako, bandani, kabla vifaranga hawajaingia. Weka pua yako. Kisha andika kwa mkono wako ulichokisikia.

Jibu usimpe dereva. Lilete.